Madaraja ya Kwenda kwa Mama Mkwe

Ndugu zangu wa barazani,

Tangu nirudi mmeniuliza habari za safari, na mimi si msemaji. Huyu nilimwambia ya tembo, yule nikamwambia ya mgambo, na sasa nasikia inazungumzwa sokoni kwamba mgambo walinikamata nikiwa nimepanda tembo. Mmeuliza pia kwa nini siku ya kurudi nilionekana vile nilivyoonekana kwenye daraja la mto Mkondoa, na wengine mmejijibu wenyewe kwamba nilikuwa nimelewa. Basi naandika, isomwe mara moja na wote. Elimu yangu ni darasa la nne, lakini nitakayoandika ndiyo yaliyokuwa. Habari za barua ya balozi wa nyumba kumi na za kutafuta nafasi kwenye gari naziacha. Hizo hazina ladha.

Magomeni

Wengine mmehamia Magomeni yetu hapa Kilosa juzi tu, kwa hiyo naanza mwanzo. Mimi ni fundi viatu. Makatambuga mengi ya matairi yanayotembea mtaani kwetu yametoka mkononi mwangu. Na naogopa madaraja.

Maji siyaogopi. Mto nauvuka kwa miguu hata ukinifika kifuani, maana chini nasikia mchanga. Daraja ndilo siliwezi. Ni njia iliyoiacha ardhi. Nikikanyaga ubao wa kwanza magoti yanalegea, masikio yanaziba, na upande wa pili naona unazidi kwenda mbali. Watu huniuliza kama niliwahi kuanguka. Sikuanguka popote. Sijui hofu hii ilianzia wapi, na sitaki kutunga.

Aliyekuwa akinivusha ni marehemu mke wangu, Lusia, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sesi. Ilianza siku ya harusi yetu, kabla ya Uhuru. Tulitoka kanisani na ngoma, tukafika daraja la Mkondoa, bwana harusi nikasimama. Ngoma ikapita, wapambe wakapita, mimi nimesimama. Ndugu zake walioteremka kutoka Vidunda wakadhani nimemkataa binti yao mbele ya watu, na mjomba wake akaanza kukunja mikono ya shati. Lusia alipita mbele yangu, akaachia ncha ya kanga yake nyuma, akasema bila kugeuka, "Shika. Usitazame maji, nitazame mgongo."

Nikashika. Akaanza kuimba kwa sauti iliyoshinda ngoma, tukavuka.

Ikawa hivyo siku zote. Sokoni, shambani, kanisani, yeye mbele na mimi nyuma na ncha ya kanga. Watoto walizoea kutufuata wakisema treni inapita. Hakugeuka nyuma darajani hata mara moja. Na kila mara aliimba kwa sauti ile ya kutoboa masikio, yeye ambaye kanisani aliimba kama anayenong'ona. Tukifika ng'ambo niliona kanga yake imeloa pale alipoikamata kifuani. Nilidhani ni joto. Kilosa kuna joto.

Lusia alifariki kabla ya mvua za vuli, tukamzika hapa hapa. Lakini kwa desturi ya kwao mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na hata akizikwa mbali, jembe lake hurudi kwa mama. Mpaka lirudi, matanga hayaanuliwi. Mama analala chini karibu na jiko, hanyoi nywele, na yeye mwenyewe hashiki jembe. Anayelipeleka ni mume mwenyewe.

Mama mkwe alinitumia salamu kwa mtu aliyeteremka na ndizi. Alisema hivi: "Mwambie mkwe wangu simharakishi. Ila mvua inakaribia, na mimi bado niko chini."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Mama yule ni mzee. Asipopanda, atakula nini? Jembe lilikuwa nyumbani kwangu limeegemea ukuta, na kati ya jembe na mwenyewe kulikuwa na madaraja.

Aliyenitoa nyumbani ni Masanja. Masanja ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wasagara, na Wavidunda vilevile. Ndiye aliyechimba kaburi la Lusia. Msibani alikaa mlangoni, akavaa kilemba cha marehemu, akalia kilio cha uongo mpaka watu wakacheka huku machozi ya kweli yanawatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

"Nitakupeleka," alisema. "Nikikuacha peke yako utafia mtoni, na mimi mwaka huu sina nguvu ya kuchimba tena."

"Babu zako walibeba pembe za watu mpaka pwani," nikamjibu. "Wewe utabeba jembe moja tu."

"Jembe nitalibeba. Mzigo ni wewe."

Tuliondoka asubuhi. Nilifunga jembe kwenye doti ya kanga za Lusia, zile za maua ya mikorosho alizozipenda. Masanja alipita juu ya daraja la Mkondoa na jembe, mimi nikapita chini na suruali begani, kama nilivyokuwa nikifanya tangu mke wangu afariki. Akina mama wanaofua pale wamenizoea. "Baba Sesi, leo maji baridi?" wakaniuliza. Nikawaambia baridi, na kwamba nakwenda kwa mama mkwe. Waliacha kufua, wakanitakia heri.

Kutoka Kilosa mpaka mto Miyombo

Kuna treni ya kwenda Mikumi, na kila mtu aliniambia nipande. Treni nilikataa. Madaraja ya reli hayana kingo. Ukichungulia dirishani unaona hewa. Tulipata lori lililobeba mbegu kutoka shamba la Kilangali kupeleka kwenye vijiji vya ujamaa njiani, na dereva wake, Shabani, alikuwa mtu mpole kuliko lori lake. Tulikubaliana kwamba kabla ya kila daraja atasimama, nishuke, nivuke kwa chini, nipandie ng'ambo.

"Na kalvati?" akauliza Shabani. "Kalvati nalo ni daraja?"

Nikafikiri, maana alistahili jibu la haki. Nikamwambia, "Nikiona maji kushoto na kulia kwa pamoja, ni daraja."

"Haya, tutasimama basi," akasema, akashusha pumzi.

Abiria tulikuwa wengi juu ya magunia. Mwanzoni walinung'unika. Baadaye ikawa mchezo; lori likisimama tu wanaita, "Mvuvi, shuka!" Nami nashuka.

Pale Miyombo ndipo ilipotokea ile habari ya mgambo. Daraja lile lilikuwa likilindwa, maana siku zile tuliambiwa tuwe macho na maadui wa taifa. Mimi sikujua. Nilishuka, nikachukua jembe kwa Masanja, maana siku hiyo moyo ulinituma nivuke nalo mwenyewe, nikaingia chini ya daraja. Mgambo wawili wakamwona mtu mzima anavua suruali chini ya daraja la serikali, na mkononi ana kitu kirefu cha chuma kilichofungwa nguo.

Filimbi ikalia. "Ndugu! Simama hapo hapo! Umeshika nini?"

"Jembe."

"Jembe la kuchimba wapi?"

"Si la kuchimba. La mke wangu. Amefariki."

"Mke amefariki, jembe unalileta chini ya daraja?"

Kusema kweli, nikijisikiliza, hata mimi ningejikamata. Mmoja akamwuliza Masanja, aliyekuwa ameegemea kingo za daraja ametulia, kama ananifahamu.

"Huyo?" Masanja akasema. "Mimi simjui. Ila tangu Kilosa anaulizia habari za daraja hili tu. Lina urefu gani, lina nguzo ngapi, maji yake yana kina gani."

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeulizia.

Wakanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene aliyekuwa akisimamia watu wanaobeba mawe ya kujengea zahanati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uso mkavu. Nilimweleza hofu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu, maneno tumesikia. Sasa tukaone miguu."

Tukarudi darajani, kijiji kizima nyuma yetu. Akaniamuru nivuke. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi, maana mtu hapendi kuaibika mbele ya watoto. Nilikanyaga mara mbili, tatu. Halafu nikakaa chini, nikashika ubao kwa mikono yote miwili, na meno yakawa yanagongana mchana wa jua kali.

Mwenyekiti aliinama akanitazama kwa karibu. Kisha akawageukia mgambo wake. "Mwacheni. Adui wa daraja haliogopi daraja hivi."

Hapo ndipo Masanja aliposhindwa kujizuia. Alicheka mpaka akajilaza barabarani. Mwenyekiti alipojua kwamba sisi ni watani, na tunapeleka jembe la marehemu, alikasirika kweli, lakini si kwangu. "Kwa kupoteza muda wa kijiji," akamwambia Masanja, "beba mawe mpaka chakula kiive." Abiria wote walimsaidia, na Shabani pia, na mimi. Tulikula ugali na perege wa Miyombo na mlenda, tumekaa pamoja na mgambo wale wale. Baadaye walinisindikiza mtoni, mmoja kushoto na mmoja kulia, huku wameinua viatu vyao juu ya vichwa. Mmoja aliniambia polepole kwamba mama yake anaogopa ngazi.

Miyombo mpaka Mikumi

Tuliingia pori la Mikumi jua likishuka. Palipokuwa na kalvati, lori likasimama kama kawaida, wakaita, "Mvuvi, shuka!" Nikasimama nishuke, nikaona kwamba pembeni ya kalvati kuna tembo. Alikuwa akila majani bila haraka, masikio yanapepea.

Sauti zote zilikatika. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye tenga alimbana jogoo mdomo. Shabani alizima injini. Masanja alijifunika turubai la mbegu, na chini yake nilimsikia akiwaita mababu zake wote kwa majina, hata wale ambao nadhani hakuwapenda.

Mimi sikuogopa. Sisemi kwa kujisifu. Nadhani kila mtu ana kiasi chake cha hofu, na changu chote kimekwenda kwenye madaraja. Niliinama kwenye turubai. "Mtani," nikamnong'oneza, "vipi, tushuke tupite chini?"

"Msagara wewe," akasema humo ndani, "ukiniua hakuna wa kukuvusha."

Tembo alimaliza majani yake, akavuka barabara, akaenda zake. Baada ya hapo hakuna aliyeniita mvuvi tena.

Mikumi tulilala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi tulikunywa chai kwa mama mmoja kando ya barabara kuu, na yeye akaliona jembe. Majembe yalikuwa haba madukani wakati ule. "Kaka, hilo unaliuza?" akauliza. Nikamwambia hapana. "Nipe basi mkononi nilione." Akalifungua, akapitisha kidole kwenye makali, akatikisa mpini. "Mwenye jembe hili alikuwa analima kwa mkono wa kushoto," akasema.

Ni kweli. Lusia alitumia mkono wa kushoto. Masanja akamweleza, na yule mama akalifunga jembe tena, vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifunga mimi, akatuongezea vitumbua.

Mikumi mpaka Kidodi

Safari hii ndiyo fupi, nayo ndiyo iliyokuwa mbaya. Tulipanda basi, na dereva wa basi hakuwa Shabani. Nilipomwomba asimame kabla ya madaraja alicheka, akaongeza mwendo.

Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu aliona jasho linavyonitiririka. "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwamkia, nikamwambia ukweli. "Basi lala," akasema, akanifunika kichwa na kanga yake, akanishika shingoni kama mtoto. Ilikuwa huruma kubwa, na kanga ilinukia moshi na karafuu. Lakini haikusaidia. Ndani ya giza lile ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kumbe hainitoshi kutokuona maji. Nilichokuwa nikikihitaji miaka yote ni kuona kwamba kuna mtu ametangulia, amekanyaga, na ubao umembeba. Chini ya kanga ya yule bibi sikuona mgongo wa mtu yeyote.

Kidodi nilishuka nikatapika. Masanja hakunitania. Alininunulia muwa, akaumenya, akanikatia vipande vidogo, tukakaa chini tukatafuna.

"Mtani," akasema mwishowe, "kule juu, ule mto wao. Una daraja gani?"

"Magogo mawili," nikasema. "Lakini nikija na Lusia wakati wa kiangazi tulikuwa tunarukia mawe."

Akautazama mlima. Juu ya Vidunda wingu lilikuwa jeusi, na mvua ilikuwa tayari inanyesha.

Kupanda Vidunda

Kabla sijaendelea, wenzangu wa bondeni lazima niwaeleze heshima ya ukwe ya watu wa mlimani. Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani, hutoka njiani, hugeuza uso, husubiri apite. Wakiwa na neno la kuambiana, hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamekaa mahali pamoja. Uso wa mama yake Lusia sijawahi kuuona sawasawa. Namjua kwa mgongo na kwa sauti.

Tulipanda kutwa kwa njia ya utelezi, kupita migomba na mashamba ya maharage, watu wakitusalimu na kutupa pole. Walijua tunakwenda wapi kwa kuliona jembe tu. Alasiri tukaufikia mto. Mawe yale ya kurukia hayakuonekana. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba matawi, yananguruma. Kuvuka kwa miguu kusingewezekana hata kwangu. Yalibaki magogo mawili, yamelazwa pamoja, na kamba ya kushikia upande mmoja.

Nilikaa kwenye jiwe. Nilimwambia Masanja apeleke jembe yeye, nami nitalala hapa hapa.

"Mume ndiye anayelipeleka," akasema. "Unataka mama yule aendelee kulala chini?"

Sikutaka. Lakini kutaka ni jambo moja, na magoti ni jambo jingine.

Masanja akafungua jembe, akalifunga mgongoni kwangu kwa kanga moja. Ile ya pili akajifunga mwenyewe, juu ya suruali, akabana pembe zake kifuani kwa mkono wa kushoto. Akabinua kiuno kidogo upande mmoja, vile Lusia alivyokuwa akitembea baada ya kuzaa mtoto wa mwisho. Akapita mbele yangu.

"Baba Sesi!" akasema. "Unangoja daraja ndilo likufuate?"

Ilikuwa sauti yake. Naapa, ilikuwa sauti ya Lusia na maneno ya Lusia, yakitoka kwa Mnyamwezi mwenye ndevu. Nilicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, maana tangu msiba sikuwa nimelia mbele ya mtu. Akaachia ncha nyuma. "Shika. Samaki wa huku hawali Wasagara, mna chumvi nyingi."

Nikashika. Tukaingia kwenye magogo, yeye mbele anaimba vibaya, mimi nyuma nacheka na kulia, nautazama mgongo wake uliofungwa kanga ya maua ya mikorosho. Tukafika katikati. Nadhani tungevuka vizuri.

Ila ng'ambo ya pili walitokea wanawake wakipiga yowe. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba jembe linakuja, na mtani Masanja pamoja nalo, wakateremka kutupokea, na aliyewatangulia alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kaniki, nywele zimeota nyeupe. Mtani akiona wafiwa damu humchemka. Masanja alizikimbia hatua zilizobaki, kanga ikaniponyoka, akaruka ukingoni akaanza kucheza mbele yao kwa mwendo wa Lusia. Mimi nikabaki katikati ya mto, peke yangu, uso kwa uso na mama mkwe.

Kwa heshima nilitakiwa nitoke njiani. Juu ya daraja mtu atatoka njiani kwenda wapi? Nilifanya kilichowezekana: niligeuza uso. Na nilipougeuza, macho yakaanguka moja kwa moja kwenye maji.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Najua nilichuchumaa nikayakumbatia magogo, macho nimeyafumba. Mayowe yalikoma. Nilimsikia Masanja akisema, sasa kwa sauti yake, "Narudi, mtani, tulia," na sauti ya mwanamke mzee ikamkata: "Masanja. Kaa hapo."

Kisha nikasikia gogo linatikisika. Zilikuwa nyayo nyepesi, nyayo za peku, zinakuja polepole. Zikasimama karibu sana nami.

"Masanja," ile sauti ikasema juu ya kichwa changu, "mwambie mkwe wangu kwamba nimegeuka. Nimempa mgongo, heshima ipo. Anaweza kufumbua macho."

Masanja kutoka ukingoni akasema, "Mkwe, mama anasema amegeuka."

Nikafumbua. Mbele ya pua yangu kulikuwa na ncha ya kaniki, imeachiwa nyuma, inatikisika kwa upepo wa maji.

"Mwambie ashike. Asitazame maji, anitazame mgongo."

Masanja alianza kulirudia, akashindwa. Sikuhitaji arudie. Nilishika, nikasimama, na yule mama mzee ambaye alikuwa amelala chini tangu kabla ya vuli akaanza kuimba kwa nguvu zake zote, wimbo ule ule wa Lusia, akanivusha.

Kwa mama mkwe

Jembe nililiweka kizingitini kama inavyotakiwa. Kesho yake wanawake walimnyoa mama mkwe, wakamwogesha, wakamvalisha nguo ya kawaida. Masanja alifagia uwanja, akadai jogoo, akadai na shingo ya jogoo, akaambiwa mtani wa namna hii hata kaburi litamkataa. Matanga yakaanuliwa. Mchana nilimwona mama mkwe kwa mbali, mgongo wake, anateremka shambani na jembe la Lusia begani.

Jioni nilikaa barazani na Masanja tunakula ndizi na maharage. Mama mkwe alikuwa ndani, ukuta katikati yetu.

"Masanja, mkwe wangu yupo?"

"Yupo, mama. Anakula kama hajawahi kuona ndizi."

"Muulize alifundishwa na nani kushika ncha ya nguo."

Nikajibu, "Mwambie ni Lusia."

Ndani nikasikia moto unachochewa. Kisha akasema, "Mwambie Lusia alikuwa mwoga wa daraja kuliko watoto wote wa mlima huu. Nilikuwa namvusha pale mtoni kwa ncha ya kanga mpaka akawa mwari. Namwambia aimbe, asisikie maji. Siku ya harusi yake mimi nilibaki huku. Nilikaa hapa jikoni nawaza, Mkondoa atavushwa na nani?"

Masanja alinigeukia.

Mimi nilikuwa nawaza kanga iliyoloa. Nilikuwa nawaza ile sauti ya kutoboa masikio, na kwamba hakugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa na mgongo wake wa kutazama. Yeye mbele yake hakuwa na kitu.

"Mwambie mama," nikasema, "hakuna aliyemvusha. Alitangulia."

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka mama mkwe aliipasua doti ya Lusia. Upande mmoja akabaki nao, upande mmoja akampa Masanja anipe. Alitusindikiza mpaka mtoni, akanivusha tena kwa njia ile ile, akarudi peke yake juu ya magogo bila kutazama nyuma.

Basi lile sikulipanda tena; njia nzima ya kurudi nilivuka chini kwa chini kama zamani. Shabani, tuliyempata tena Mikumi, alisimama, na mgambo wa Miyombo waliinua viatu. Sijapona, na sitaki mtu aseme nimepona. Hofu iko pale pale ilipokuwa.

Lakini tulipofika Mkondoa sikuteremka mtoni. Akina mama waliokuwa wakifua waliniona, na baadhi yenu mlikuwa pale. Nilijifunga kanga ya Lusia, nikabana pembe zake kifuani, nikaachia ncha nyuma. Mbele yangu palikuwa na daraja tupu. Nikaanza kuimba kwa sauti mliyoisikia mpaka barazani, nikakanyaga ubao wa kwanza, na wa pili.

Masanja anasema aliishika ile ncha mpaka mwisho. Mimi sijui. Sikugeuka.